Mnara wa Beit el-Ajaib una historia yake

Mhariri,

Tangu sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Unguja, iporomoke Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, mazungumzo ni ya fedha na makandarasi wa ukarabati tu. Mimi naililia historia yake ya mwanzo, ambayo vijana wetu wengi wa Unguja hawaijui.

Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, aliijenga mwaka 1883 iwe jumba la sherehe, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, huku baraza zake pana zikibebwa na nguzo za chuma. Mnara wa saa tuliouzoea haukuwa sehemu ya jumba la mwanzo. Mnara wa awali ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari, ukaangushwa na mizinga ya Waingereza Agosti 27, 1896. Jumba lilinusurika, Beit el-Hukm, jirani yake, haikubahatika. Katika matengenezo yaliyofuata ndipo mnara mpya ulipounganishwa na jumba lenyewe.

Naiomba serikali iwaeleze wananchi wazi: kuta zinarudishwa kwa chokaa au kwa saruji? Na mafundi wetu wa chokaa wa Mji Mkongwe wamepewa nafasi gani?

Msomaji wako,
Unguja