Pointi mbili hazitoshi kumhukumu kijana

Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo amemfuta yule kijana mrefu wa mwaka wa kwanza, wa vyuo vya Marekani, eti kwa sababu alifunga pointi mbili na kutolewa kwa faulo tano. Mimi ni kocha wa vijana wa mpira wa kikapu, na pointi ndizo ninazoziangalia mwisho.

Naanza na miguu. Akipokea mpira amekipa kikapu mgongo, anageuka kwa mguu mmoja au anatembea na mpira? Akinyang'anywa ribaundi (mpira unaorudi baada ya shuti kukosa kikapu), anakimbia kurudi kukaba au anabaki kubishana na refa? Halafu mikono: pasi kali inatulia, au inamponyoka? Shuti tutamfundisha. Mikono mizito inanitia wasiwasi zaidi.

Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuja kuwa nyota wa mpira wa kikapu, aliondoka Lagos akiwa amezoea kudaka golini na kucheza mpira wa mikono. Chuo Kikuu cha Houston hakikumchezesha msimu wa 1980-81. Majira ya joto alifanya mazoezi na mchezaji wa kulipwa Moses Malone, aliyemsukuma bila huruma chini ya kikapu. Mwaka 1984 akachaguliwa wa kwanza kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Siku hizi wachezaji wanahama vyuo bila kukaa nje msimu, hivyo makocha wengi (siwalaumu sana, kazi zao ziko hatarini) wanatafuta aliyekwisha kuiva.

Ombi langu ni dogo: mkichapisha pointi zake, wekeni na dakika alizocheza.

Kocha wa vijana