Kaa Nyuma ya Dereva

Nakuru, Alhamisi usiku

Mwanangu mpendwa,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo unaitikia "sawa, baba" huku macho yako yako kwenye simu. Hii nimeitia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na barua yako ya kuitwa chuoni. Ile huwezi kuisahau, kwa hivyo na hii utaiona.

Sikusindikizi Maseno, mama, na si kwamba sikutaka. Nauli yangu ya kwenda na kurudi ndiyo godoro lako. Hesabu hiyo nimeipiga mara tatu na jibu ni lile lile. Na hilo godoro usilibebe kutoka hapa: makanga atalitoza kama abiria. Utalinunua soko la Luanda, hapo karibu na chuo.

Mama yako angependa uende kwa treni, anasema reli haina Salgaa, ule mteremko wa ajali. Namwelewa. Mimi mwenyewe niliipanda nikiwa mtoto, daraja la tatu, nikalala juu ya gunia la viazi la watu. Tulipita Molo na Londiani gizani, kukapambazuka tukiwa Muhoroni, na kutoka hapo hadi Kibos ni miwa tu dirishani. Njia hiyo ilifika Kisumu Desemba 1901, enzi wakiuita mji huo Port Florence. Baadaye treni ya abiria ikatupotea miaka mingi, ikarudi Desemba 2021. Lakini inatoka Nairobi jioni, kufika kwetu ni usiku mkubwa, na si ya kila siku. Msichana na sanduku peke yake stesheni usiku wa manane, hapana. Ukishapata wenzako huko chuoni, mwishoni mwa muhula pandeni kundi zima, mtaifurahia.

Ndege nimeisikia pia, nikacheka. Kutoka Nakuru urudi nyuma kilomita 160 hadi Nairobi, upigwe msasa na foleni za huko, ndipo urushwe Kisumu kwa muda usiofika saa moja. Utakuwa umetupita juu ya paa.

Mjomba wako naye amejitolea kukupeleka na gari lake, ile Probox, Jumapili baada ya ibada. Mshukuru sana, kisha ukatae. Namjua. Ibada ikiisha kuna chai, baada ya chai kuna mkutano wa wazee, na mtaondoka saa kumi. Giza litawakuta kabla ya Kisumu. Pale Migaa, njia hiyo hiyo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, watu zaidi ya 30 wakafa. Londiani, Juni 2023, jua linazama, lori liliacha barabara likaingia kwenye matatu na akina mama waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya njia, wakafa zaidi ya 50. Sikutishi. Nataka tu uende Jumamosi asubuhi, ufike jua likiwa juu, ulale kwa shangazi yako Kondele, hapo Kisumu, Jumatatu usajiliwe ukiwa umepumzika.

Kwa hivyo ni matatu, na matatu ndiyo kazi niliyokulea nayo, miaka 19 Nakuru–Kisumu. Nikuambie mambo ambayo abiria haambiwi.

Fika steji saa kumi na mbili na nusu. Wapiga debe watakunyang'anya sanduku wakuambie gari limebakisha mtu mmoja. Chungulia ndani. Wale vijana watatu waliokaa bila mzigo, wakitafuna miraa, si wasafiri. Wamewekwa gari lionekane limejaa, na abiria halisi wakiingia wao wanashuka mmoja mmoja. Tafuta gari lenye akina mama na vikapu. Sanduku lifungwe ukiona kwa macho yako, lakini bahasha, kitambulisho na cheti cha kidato cha nne vikae mapajani. Lipa ofisini kwa sako, chama cha wenye magari, upewe risiti. Anayetaka umtumie nauli kwenye namba yake ya simu, mwache.

Halafu uliza hivi, kwa sauti, mbele ya watu: "Gari linafika Kisumu lenyewe?" Kuna mchezo unaitwa kuuza abiria. Gari likifika Kericho na watu watano, makanga anaona hasara, anawauza kwa gari lingine lililosimama hapo, anampa mwenzake sehemu ya nauli na kugeuza kurudi Nakuru. Nyinyi mnasukumwa kama kuku kwenye gari ambalo hamkulichagua, na dereva ambaye hamkumwona usoni. Nimeuza watu, sikufichi. Ukiwa na risiti na ukikataa kushuka, wenzako nao watakataa, makanga atanung'unika na kuendelea na safari.

Sasa kiti. Usikae mbele na dereva hata akikuita dada mara ngapi. Kaa nyuma yake, dirishani, na ufunge mkanda. Watu husema hapo ndipo salama zaidi kwa sababu dereva hukwepesha upande wake. Sijui kama ni kweli na sitaki uyachunguze. Nataka ukae hapo kwa sababu sauti yako itamfikia.

Nikueleze. Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule, wakati abiria ni wengi kuliko magari. Tajiri wa gari alitaka hesabu ya tripu tatu mahali pa mbili, na aliyekataa alijua skwodi wawili, madereva wa akiba, wanangoja kiti chake pale steji. Gavana, kile kidhibiti mwendo, tulikuwa nayo, tangu waziri Michuki alipotulazimisha mwaka 2004 twende kilomita 80 kwa saa na kila abiria avae mkanda. Fundi alikuwa ameilegeza. Nilikuwa sijalala vizuri siku mbili. Tumetoka Kericho, majani ya chai yameisha, tunateremka kuelekea Awasi. Unajua pale, gari linashuka lenyewe, joto linaanza kuingia, na uwanda wa Kano umetandazwa huko chini. Jua lilikuwa limeshazama, na mimi nilikuwa nasikia usukani mwepesi mkononi. Hiyo ni dalili mbaya, lakini dereva aliyechoka huiona tamu.

Nikaguswa bega. Mama mmoja mzee, kilemba cha manjano, mkungu wa ndizi kati ya miguu. Akasema, taratibu kabisa, "Mwanangu, mimi sina haraka."

Gari zima likacheka. Makanga wangu akamwambia angepanda punda. Mimi sikucheka, nilikasirika. Nilihisi kama ananifundisha kazi yangu. Nikaondoa mguu kwenye mafuta kwa kununa, ili aone tutakavyochelewa. Tulikuwa tumeanza kutambaa hivyo nilipopinda kona, na mbele yangu, kwenye njia yangu, trekta ya miwa. Imesimama. Haina taa, haina hata tawi lililotupwa barabarani kuonya watu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Tulisimama nikiweza kuhesabu mafundo ya muwa mmoja uliokuwa umechomoza nje.

Hakuna aliyesema neno hadi Ahero. Pale yule mama akashuka na ndizi zake, akaenda hadi mlangoni kwa makanga, akanyoosha mkono, akadai chenji yake ya shilingi ishirini. Alipewa, akaihesabu, akaondoka.

Kwa hivyo ukiona mwendo si mwendo, sema. Usipige kelele, usimtukane, dereva akitukanwa huongeza. Mguse bega, umwite baba au kaka kulingana na umri wake, umwambie huna haraka. Watakucheka. Mimi najua kinachopita ndani ya kichwa cha yule mtu anayeangalia mbele.

Kuhusu njia yenyewe: kutoka Salgaa mtapanda, na malori ya Uganda yatakuwa yanashuka kulia kwenu. Siku zetu ulisikia harufu ya breki zinazoungua kabla hujaliona lori. Siku hizi kuna ukuta wa zege katikati, afadhali. Mau Summit ni baridi hata saa nne, vaa ile sweta ya kijani. Kulia ni Eldoret, nyinyi mtakunja kushoto, Londiani, Kericho. Masikio yakiziba mkishuka, meza mate. Awasi utaivua sweta na kutaka kuitupa. Usiitupe, Maseno imeinuka juu ya ziwa na usiku huko utaihitaji.

Kisumu ukishuka shangazi atakuwa steji. Asipokuwepo, usianze kuzunguka na sanduku. Kaa ndani ya ofisi ya gari mpaka afike. Jumatatu mtachukua gari la Luanda au Busia, si la Kakamega, usije ukapelekwa Chavakali. Kwa kushoto utaona uwanja wa ndege wa wale matajiri zako, kisha Otonglo, Kisian, Lela, na hapo mmeshaanza kupanda. Mwambie makanga mapema kwamba unashukia chuoni. Ikweta inapita hapo hapo, kwa hivyo usiku kucha utakuwa unageuka kutoka kaskazini kwenda kusini ya dunia na hutajua.

Nitumie ujumbe mkifika Kericho, mwingine mkifika Ahero. Usinipigie ukiwa barabarani, tafadhali. Badala ya kuiangalia hiyo simu, mwangalie dereva.

Mama yako amekukaangia chapati saba, zimo kwenye mkebe wa aiskrimu ulio juu ya nguo. Mbili mpe jirani wa kiti. Mkebe anautaka Desemba, na kifuniko chake.

Baba yako