Kabla hujanunua sensa nyingine ya taa za bustani

Simu za taa za bustani tunazopokea ni za namna mbili. "Fundi, taa zinawaka zenyewe usiku kucha na nje hakuna mtu." Au: "Fundi, natembea gizani ua mzima, nikishafika mlangoni ndiyo zinawaka." Zote huishia kwenye ombi moja, tupeleke sensa mpya, kile kifaa kinachohisi mtu anapita na kuwasha taa. Basi tunaiweka garini, tunaenda, na mara nyingi tunarudi nayo, kwa sababu ile iliyoko ukutani ni nzima. Imetazamishwa pabaya, au imeungwa pasipo pake. Na tusijitoe: baadhi ya hizo tulizifunga sisi wenyewe.

Sensa ya kawaida ya taa za nje inafuata joto. Isogelee uitazame: ile kofia nyeupe ya plastiki ina mistari na vijisanduku vingi, na kila kijisanduku ni lenzi ndogo. Lenzi hizo zinaugawa ua mapande mapande, kama chungwa lililomenywa, na kuelekeza joto la kila pande kwenye vipokezi viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu ndani. Mtu anapokatiza kutoka pande moja kwenda jingine, kipokezi kimoja kinalipata joto lake kabla ya mwenzake. Tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Akija akiikabili sensa uso kwa uso, anakaa ndani ya pande lilelile muda mrefu, na sensa inachelewa kushtuka.

Hapo ndipo lilipo tatizo la anayetembea gizani mpaka mlangoni. Sensa imefungwa juu ya mlango, inaitazama njia kwa urefu wake. Ihamishie ukuta wa pembeni ili njia ipite mbele yake kwa mkato, na sensa ileile itamshika mita kadhaa mapema. Urefu tunaoupenda ni mita 2 hadi 2.5 kutoka chini. Ukiipandisha sana itamruka mtu aliye karibu, na eneo lote linakuwa la kubahatisha.

Joto hilohilo linaeleza mengine. Nyuma ya kioo cha dirisha sensa ni kipofu, maana miale ya joto la mwili haipenyi kioo cha kawaida. Jioni ya joto kali, kuta na sakafu zikiwa zimekaribia joto la ngozi ya mtu, umbali ulioandikwa kwenye boksi unapungua sana. Ukiona sensa ya mita 12 inasinzia siku kama hiyo, usiilaumu. Na chochote kinachopuliza hewa ya moto mbele yake kitaiwasha: feni ya nje ya kiyoyozi, bomba la moshi wa jikoni, hata matawi yaliyopigwa na jua mchana kutwa kisha upepo ukaanza kuyatikisa.

Kisa kilichotusumbua kuliko vyote hakikuwa na kiyoyozi wala mti. Mteja alilalamika taa zinawaka kila baada ya dakika chache kuanzia saa mbili usiku. Tulienda mara mbili mchana, hatukuona kitu. Mara ya tatu tukakaa nje usiku na tochi zimezimwa. Taa zikawaka kwa sababu yetu, wadudu wakajaa kwenye balbu, na baada ya muda mjusi akachungulia kutoka nyuma ya taa, akashuka polepole, akapita juu ya kofia ya sensa kumfuata nondo. Taa zilizokuwa zimeshazima zikawaka tena. Wadudu wakaongezeka. Mjusi hana joto la mwili kama letu, lakini akikanyaga lenzi yenyewe anaziba kinachoonekana, na hiyo inatosha. Tuliitenga sensa na taa kwa mita mbili hivi, malalamiko yakaisha. Mjusi tulimwacha na riziki yake.

Tangu hapo hatupendi taa zenye sensa iliyoshonwa humohumo kwa kazi ya bustani. Sensa ikikaa peke yake unaichagulia mahali, na mwanga wa taa hauirudii usoni. Mwanga ukiirudia, kuna sensa zitakazodhani kumekucha: zinazima taa, giza linarudi, zinawasha, zinazima tena. Watu huita hiyo shoti. Siyo shoti.

Sasa waya, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Taa nyingi za bustani ni za volti 12, zinalishwa na transfoma inayoushusha umeme mkubwa wa nyumba. Sensa ikae kabla ya transfoma au baada yake? Kwa bustani inayowaka yote kwa pamoja, sisi tunaiweka kabla, upande wa umeme mkubwa, ili transfoma nayo ipumzike taa zikizimwa. Sensa ya umeme wa volti 220 hadi 240 ukiihamishia upande wa volti 12 haitafanya kazi kabisa, kwa sababu yenyewe inakula umeme huo kwanza. Zipo za volti 12, nzuri kwa kundi moja la taa, ila soma ampea na usidanganywe na wati. Taa za wati 60 kwenye volti 240 zinavuta robo ampea tu. Wati hizohizo kwenye volti 12 zinavuta ampea 5. Tena nyingi kati ya sensa hizo za volti 12 zinataka umeme wa betri, wenye chanya na hasi, na transfoma nyingi za bustani hazitoi umeme wa namna hiyo.

Sensa ya umeme mkubwa iwe ya waya tatu: wa moto unaoingia, nyutro (ule wa kurudishia umeme), na unaokwenda kwenye taa. Rangi hutofautiana, fuata mchoro ulio kwenye karatasi yake. Zile za waya mbili zilitengenezwa enzi za balbu za zamani, zenye uzi unaong'aa ndani. Zinapitisha umeme kidogo hata zikiwa zimezima, na LED zinabaki na mwanga hafifu au zinakonyezakonyeza usiku kucha. Kama kwenye swichi hakuna nyutro, tunavuta waya mwingine. Tumeshaombwa tutumie waya wa ardhi badala yake, "kwani kuna nini". Hatufanyi, na anayekubali kukufanyia usimrudishe kwako.

Kuna kosa moja ambalo kweli linaiua sensa. Taa za LED na transfoma zake zinapowashwa hugugumia umeme mwingi kwa muda usiofika sekunde. Ndani ya sensa kuna relei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na ule mshtuko wa kila kuwasha unaunguza ncha zake mpaka siku moja zinagandana. Dalili yake: taa hazizimi tena, mchana na usiku, ila ukiigonga sensa kidogo kwa mpini wa bisibisi zinazima. Soma boksi mpaka chini. Utakuta wati 1,200 kwa herufi kubwa, hizo ni za balbu za zamani, halafu kwa herufi ndogo kama sisimizi wati 300 za LED. Mzigo ukizidi hapo, sensa iachiwe kazi ya kuamrisha kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa na umeme, na kontakta ndiyo ibebe taa.

Na taa za mwisho wa bustani zikiwa hafifu, sensa haihusiki. Waya ni mwembamba. Chukua zile ampea 5 zetu, zipitishe kwenye waya wa milimita mraba 1.5 kwa mita 30, kwenda na kurudi mita 60: karibu volti 3.6 zinapotelea njiani. Kwenye volti 12 hicho ni karibu theluthi. Waya wa 2.5 unaokoa sehemu yake, lakini dawa hasa ni kusogeza transfoma katikati ya taa.

Siku ya kufunga tunazima swichi kuu, tunahakikisha kwa testa, tunaunga. Umeme ukirudi, iache sensa mpaka dakika moja izinduke. Wengi huanza kuijaribu palepale na kusema imekufa. Kisha kitufe cha muda kinashushwa chini kabisa, cha mwanga kinapelekwa kwenye alama ya jua, na mtu mmoja anakatiza ua huku na huku, mwingine akiangalia ni wapi taa zinashtuka. Inapoona barabara au ua wa jirani tunabandika kipande cha selotepu nyeusi upande huo wa lenzi. Kitufe cha mwanga hurekebishwa magharibi, giza likiwa lile unalotaka taa zianze nalo: kirudishe kwanza kwenye alama ya mwezi, kisha kigeuze taratibu kuelekea jua huku mwenzako akitembeatembea mbele ya sensa, na pale taa zinapowaka, kiache. Tunaongeza pia swichi ya kuipita sensa, kwa usiku wa wageni, ili usilazimike kupunga mikono kila baada ya dakika tano.

Ukitupigia kuhusu sensa inayosumbua, kwanza panda ngazi, weka simu yako pale kwenye lenzi, piga picha ya kile inachokitazama, ututumie. Utuambie na saa zinapoanza kuwaka zenyewe.