Hofu ya gesi tumeielekeza pasipo mahali pake

Ndugu Mhariri,

Kila samaki wanapoonekana wakielea wamekufa, hakosekani mtu mwaloni wa kudai kuwa Ziwa Victoria nalo limeanza kutoa gesi kama Ziwa Kivu. Kivu ina kina cha zaidi ya mita 450 na maji ya chini hayapandi juu, ndiyo maana hewa ukaa na methani zimejilimbikiza humo. Ziwa letu lina kina cha mita 80 hivi na maji yake huchanganyika kila mwaka. Samaki wetu mara nyingi hukosa oksijeni tu.

Panapostahili jicho letu ni Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, iliyolipuka kwa nguvu mwaka 2007. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inapopanda, mgandamizo hupungua na gesi zilizoyeyuka ndani yake huanza kutoka: hewa ukaa hutangulia magma ikiwa bado chini sana, na dioksidi ya salfa hufuata inapokaribia uso wa dunia, hivyo uwiano wa gesi hizo mbili ukibadilika wataalamu hupata dalili kabla ya mlipuko. Kule Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, dioksidi ya salfa ilipanda kutoka tani 500 hivi kwa siku katikati ya Mei hadi zaidi ya 5,000 mwishoni mwa mwezi huo, kisha ikashuka ghafla. Aliyekuwa akisoma namba bila kuelewa angeshusha pumzi, kumbe njia ya gesi ilikuwa imeziba; mlima ulilipuka Juni 15, maelfu ya watu wakiwa wameshahamishwa.

Sidai kwamba gesi peke yake inatosha. Volkano ya Nyiragongo, nchini Kongo, hutoa gesi mwaka mzima, na bado Mei 22, 2021 lava iliwashtukiza watu wa Goma. Vipimo hivyo lazima viende pamoja na vya mitetemo na mwendo wa ardhi. Kwa Lengai kuna ugumu mwingine: gesi yake kubwa, ukiacha mvuke wa maji, ni hewa ukaa, ambayo setilaiti huitambua kwa shida kwa kuwa imejaa tayari angani. Vifaa havina budi kukaa mlimani kwenyewe, pamoja na mafundi wa kuvihudumia.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini itangaze mara kwa mara hali ya gesi za Lengai, kwa Kiswahili, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyowatangazia wavuvi wetu upepo na mawimbi.

Mwalimu wa Jiografia,
Nyegezi, Mwanza