Njoo na mbwa wako tumpime: mkanda wa mbwa anayevuta mtu haushonwi kwa picha

Mwezi wa sita kijana mmoja wa mtaa wa Kisasa aliingia karakanani kwetu hapa Dodoma, simu mkononi. "Shikamoo, fundi. Nataka unishonee mkanda wa mbwa kama huu." Kwenye video nikaona mwanamke amesimama juu ya skii, zile mbao mbili ndefu na nyembamba za kutelezea kwenye theluji, yumo kwenye njia ya mlimani iliyofunikwa na theluji, na mbele yake mbwa wawili wanamvuta kwa kasi mpaka theluji inatimka kama vumbi la barabara ya Hombolo. Nikaitikia salamu, nikamuuliza mbwa wake yuko wapi. "Yuko nyumbani, fundi. Wewe shona tu saizi ya mbwa mkubwa."

Tangu siku hiyo wamekuja wengine, na wengi zaidi hutuma picha kwa WhatsApp wakiuliza bei. Wote tunawajibu vilevile: njoo na mbwa mwenyewe. Baadhi wanaona tunawasumbua. Mmoja aliniambia wazi, "Fundi, inaonekana kazi huitaki." Kazi naitaka sana, na mchezo wenyewe nimeupenda tangu nilipouona. Ndiyo maana naeleza hapa kwa urefu.

Mchezo ule unaitwa skijoringi. Jina limetoka Norwei, na maana yake ni kama kuendesha ukiwa juu ya skii. Haukuanza na mbwa peke yao. Wasami wa kaskazini kabisa mwa Ulaya walivutwa na wale wanyama wao wenye pembe za matawi wanaowafuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe, na mwaka 1928, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi pale St. Moritz, Uswisi, mchezo ulioneshwa kwa farasi. Kwa mbwa, mtu hujifunga mkanda mpana kiunoni, mbwa mmoja mpaka watatu wakawa mbele, na kati yao kamba ya mita mbili na nusu hivi au zaidi kidogo. Ndani ya kamba kuna kipande cha mpira, ili mbwa akivuta ghafla mshtuko uishie kwenye mpira, usifike mgongoni kwake wala kiunoni kwako. Kulabu ya kiunoni hufyatuka kwa mkono mmoja ukianguka.

Kuna jambo ambalo video haioneshi vizuri: yule mtu si mzigo. Anasukuma kwa miguu na kwa fimbo zake muda wote, mbwa anamwongezea mwendo. Hata skii huchagua zisizo na ukingo wa chuma, kwa sababu ukingo ule ukimgonga mbwa mguuni unamkata.

Theluji sisi hatuna. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za mwezi wa saba zinatuvisha makoti, lakini baridi yetu haigandishi maji ya ndoo. Kuna dada aliuliza habari za Kilimanjaro. Theluji ya kule iko juu kabisa, ndani ya hifadhi ya taifa, na mbwa wa nyumbani haingizwi hifadhini. Ila hao hao wa nchi za baridi, theluji ikiyeyuka hawafungii mbwa wao bandani. Wanakimbia nao kwenye udongo, mtu akiwa kwa miguu, mchezo unaoitwa kanikrosi, au akiwa juu ya baiskeli. Huo tunauweza. Njia za udongo za kuelekea vilima vya Ntyuka zinatosha kabisa, na mkanda wa mbwa unafuata kanuni ileile.

Sasa niseme kuhusu mkanda, ambao wateja wengi huuita hanesi. Kabla ya mbwa, karakana yetu ilishona matandiko ya punda wa mikokoteni, na bado tunashona. Punda anayevuta madumu ya maji kwa kamba nyembamba huchubuka begani ndani ya siku chache, na kidonda hicho hakiponi kwa sababu kesho yake anafungwa tena. Dawa yake ni mkanda mpana unaokatiza kifuani, ndani tumeweka sponji na bitana laini. Basi yule kijana wa Kisasa alipomleta mbwa wake nikafanya nilichokijua: nikamshonea mkanda kama wa punda, ila mdogo. Tukaenda kumjaribu. Hatua hamsini za kwanza zilikuwa nzuri. Mbwa alipoinama na kuvuta kweli, mkanda ukapanda, ukakaa kooni, akaanza kukohoa. Nilimwomba kijana radhi, na jioni ile nikaukata mkanda ule vipandevipande nikaanza upya.

Mbwa akivuta hushusha kichwa na shingo, na chochote kilichokatiza kifua chake kinateleza kuelekea koromeo. Kisha kuna suala la bega. Sisi bega letu limeshikwa mbele na mfupa wa mtulinga. Mguu wa mbele wa mbwa umeshikwa na misuli tu, ndiyo maana bega lake linateleza mbele na nyuma anapotupa hatua ndefu. Mkanda ukilala juu ya bega hilo, anapigana nao kila hatua. Kwa hiyo mkanda wa kuvutia una tundu la shingo linalokaa chini kabisa, pale shingo inapoungana na mabega. Kutoka hapo unashuka katikati, juu ya mfupa wa kidari, unapita kati ya miguu ya mbele, unazunguka nyuma ya makwapa kwenye mbavu na kupanda mgongoni. Uzito wote unabebwa na kidari na mbavu, koo na mabega vinabaki huru. Kumfunga mbwa kola ya shingoni ili avute ni kumnyonga kidogo kidogo, na hilo sina namna ya kulisema kwa upole zaidi.

Hapo ndipo picha inaposhindwa. Mbwa wetu wa kienyeji ana kifua chembamba kilichoshuka, mbavu zinaonekana, na kichwa chembamba kinachopita kwenye tundu bila shida. German Shepherd ana manyoya yanayodanganya. Lazima nizamishe vidole mpaka kwenye ngozi ndipo nijue kipimo cha kweli, na mara nyingi mwenye mbwa hushangaa mbwa wake alivyo mwembamba. Boerboel, yule mbwa mkubwa wa asili ya Afrika Kusini, ana kichwa kipana sana, kwa hiyo tundu linalopita kichwani linakuwa pana mno shingoni. Yule tunamwekea kifungo pembeni ili mkanda usivalishwe kwa kupitia kichwani. Wawili wenye uzito mmoja wanaweza kutofautiana kidari kwa upana wa vidole vinne, na vidole vinne ndiyo tofauti ya kukimbia na kukohoa.

Tutakuuliza pia unakusudia kufanya nini. Ukikimbia kwa miguu, kamba ni fupi, kama mita mbili ikivutika, na inapanda kutoka mgongoni kwa mbwa mpaka kiunoni kwako. Mvuto wake unaelekea juu. Mkanda mrefu unaofika mkiani utanyanyuka na kumbana nyonga, kwa hiyo tunamshonea mfupi unaoishia katikati ya mgongo. Kwa baiskeli kamba ni ndefu na iko chini zaidi, mkanda mrefu unamfaa. Na kwenye baiskeli tunafunga mbele kipande cha bomba la plastiki la maji kinachoishika kamba isianguke kwenye gurudumu. Mimi binafsi namshauri kila mtu aanze kwa miguu. Baiskeli isubiri mpaka mbwa ajue kusimama ukimwambia asimame.

Malipo tunachukua nusu kwanza. Nusu nyingine unalipa baada ya sote kumwona mbwa akivuta mbele yetu, walau hatua mia mbili, uwanjani. Baada ya wiki moja mrudishe tukaze mishono, kwa sababu mkanda mpya wa nailoni hulegea kidogo. Marudio hayo hayana gharama.

Lakini hata mkanda uliokaa vizuri hautamsaidia mbwa dhidi ya jua letu. Kwenye theluji wenzetu wanahangaika na barafu inayoganda kati ya vidole vya mbwa, mpaka wanawavisha soksi. Sisi tuna joto, nalo linaua. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Analo kidogo kwenye nyayo. Joto lingine lote analitoa kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, na likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mbwa aliyeonja raha ya kuvuta hatakuambia amechoka. Anakupenda, anaona unakimbia, naye atakimbia mpaka aanguke. Wewe ndiye wa kusimama.

Kwa hiyo hapa Dodoma tunawaambia wateja: toka saa 11:30 alfajiri, saa 1:00 asubuhi uwe umesharudi nyumbani. Wiki za kwanza kimbia dakika kumi tu, tembea, kisha rudi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo mizuri. Oktoba na Novemba, joto linapopanda kabla mvua hazijafika, vua mkanda wa kuvutia, mtembee tu. Lami ya jioni usiiamini: weka mgongo wa kiganja chako juu yake, ukishindwa kuhesabu mpaka saba, na nyayo zake zitaungua. Ukiona ulimi umetoka na kutanuka kama kijiko, mate mazito, fizi nyekundu sana, au anayumba, mchezo umekwisha. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, mpe maji kidogo kidogo kama yuko macho, huku mwingine akimpigia simu daktari wa mifugo. Usisubiri uone kama atapata nafuu mwenyewe.

Mbwa aina ya haski, mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili, wapo wachache mjini na wenye nao huja kwetu kwa matumaini makubwa, maana ndiye wa kwenye video. Kwa haski tunashona mkanda wa kutembelea tu. Wa kukimbilia hatushoni, hata ukitulipa mara mbili. Na mbwa wa uso bapa, anayekoroma akiwa amelala, msimvutishe kitu. Nikiulizwa ni mbwa gani anafaa mchezo huu hapa kwetu, jibu langu ni yule wa kienyeji mwenye kilo kumi na tano kwenda juu, manyoya mafupi, miguu mirefu, ambaye babu zake wamekimbia na mifugo kwenye nchi hii kavu. Asiwe chini ya mwaka mmoja, mifupa ikomae.

Njiani chunga mbigiri. Baada ya mvua zimejaa pembeni mwa njia, na mbwa anayechechemea ghafla mara nyingi anayo moja katikati ya vidole. Mfundishe maneno manne, yale yale kila siku: "Twende," "Simama," "Kulia," na "Shoto." Nasema "shoto" kwa makusudi. "Kulia" na "kushoto" yanaanza sawa, na mbwa anayekimbia husikia mwanzo wa neno tu. Nimeona tofauti ndani ya siku tatu.

Saa hizo za alfajiri pia ndizo wanafunzi wanapoelekea shule na watu wanatoka kuswali. Wengi wanaogopa mbwa, na wana sababu, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo. Ukiwaona, simama pembeni, mshike mbwa kwa kamba fupi mpaka wapite. Kwetu hatumpimi mbwa asiye na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ya ndani ya mwaka mmoja. Ofisi za mifugo zinachanja.

Yule kijana wa Kisasa mkanda wake wa pili ulikaa. Sasa anakimbia na mbwa wake mara tatu kwa wiki, na kila akipita karibu na karakana mbwa anamvuta mpaka mlangoni kwetu kudai asalimiwe.

Tunapima Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa 12:30 asubuhi mpaka saa 2:30, kabla jua halijakaza. Mlete akiwa hajala tangu usiku, maana tutamkimbiza kidogo na tumbo lililojaa linaweza kumdhuru. Njoo na cheti chake, maji yake, na bakuli analolizoea.