Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wahitimu Wenzangu wa Kidato cha Nne

Ndugu zangu wahitimu,

Nawasalimu kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetufikisha salama majumbani kwetu, wengine Mbagala, wengine Muleba, wengine Muheza, wengine Rombo, na wengine hatua chache tu kutoka geti la shule, pale pale Njombe, ambako naambiwa mvua inanyesha kila alasiri na mahindi yameanza kuota. Nikiwa katibu wa darasa, cheo ambacho hakikugombewa na mtu mwingine yeyote, nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Salamu hizi ziwafikie pia walimu wetu, matroni na patroni, wapishi wa bwalo, na mlinzi wa geti, ambaye kwa miaka minne alitutambua kwa visogo kuliko kwa sura, kwa kuwa kila alipotuona tulikuwa tunakimbia.

Nimeharakisha kuwaandikia kabla Januari haijaingia, na sababu yake ni hii. Mtihani wetu ulikwisha Novemba, na matokeo kwa kawaida hutangazwa Januari. Hapo katikati umekaa mwezi mmoja wa ajabu, ambao ndani yake hakuna miongoni mwetu mwenye daraja la kwanza wala mwenye sifuri. Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo tangu lilipoanzishwa mwaka 1973 limewakosesha usingizi wazazi wetu kabla ya kutugeukia sisi, bado limekaa na karatasi zetu, na maadamu limekaa nazo, sote tu sawa. Siku matokeo yatakapotoka kila mmoja atakuwa namba ya mtihani, na ndugu zake watainama kwenye simu kujumlisha pointi za masomo yake saba aliyofanya vizuri zaidi: 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na zaidi ya hapo ni mahali pasipotajwa mbele ya mashangazi. Nimeona ni afadhali tusalimiane sasa, kabla hatujapangwa.

Wakristo miongoni mwetu wametoka katika majuma manne ya Majilio, ambayo ni majuma ya kungoja, na makanisani mishumaa iliwashwa mmoja baada ya mwingine kila Jumapili. Sijawahi kuyaelewa Majilio kama mwaka huu. Tofauti ni kwamba Kanisa linajua linamngoja nani, tena amekwisha kutabiriwa, ilhali matokeo ya Hisabati ya baadhi yetu hayakutabiriwa na nabii yeyote, ijapokuwa mwalimu wa somo alijaribu mara kwa mara mbele ya darasa zima.

Mtakumbuka kwamba siku ya mahafali, mwezi Oktoba, tulimsomea mgeni rasmi risala. Wengi mlinilaumu kwamba risala ile ilikuwa kavu, na kwamba ingeweza kusomwa na shule yoyote ya Tanzania bila kubadilisha neno. Lawama hiyo naikataa kwa heshima zote. Risala niliyoiandika mimi ilikuwa ndefu na yenye nyama. Ilipotoka kwenye meza ya mwalimu wa taaluma ilikuwa imebakiwa na upungufu wa walimu wa sayansi, uhaba wa maji, ukosefu wa uzio, na shukrani. Msimu huu wa sikukuu ni wa kupeana zawadi, na mimi sina zawadi nyingine isipokuwa yale yaliyofutwa.

Kilichofutwa kwanza kilihusu maji. Risala iliyosomwa ilisema maji ni haba. Haikusema kwamba hata yalipokuwepo hatukuyataka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wenzetu wa Dar es Salaam waliripoti kidato cha kwanza wakiwa na shuka moja jepesi la maua, na mmoja wao akiwa na feni ndogo ya betri, ambayo naamini bado iko ndani ya tranka lake bila kuwahi kuzungushwa. Ulipofika Juni, wakati nyasi za uwanjani zinapoamka zikiwa nyeupe kwa baridi, bweni zima lilihamia kwenye kile tulichokiita kuoga pasipoti, yaani maji yafike usoni, shingoni na pale ambapo soksi zinaishia. Patroni alipotushuku alianza kukagua sabuni asubuhi ili ajue ni ipi iliyolowa na ipi iliyo kavu. Ukaguzi huo ulifanikiwa kwa siku chache, kisha kila mtu akawa anapeleka sabuni yake bafuni, anaichovya kwenye ndoo na kurudi nayo ikidondosha maji. Naweza kutamka bila hofu ya kupingwa kwamba sabuni zetu zilioga kuliko sisi wenyewe.

Sehemu ya bwalo ilifutwa yote, pengine kwa haki, kwa sababu wapishi walikuwa wameketi mstari wa mbele wakiwa wamevaa sare mpya. Niliandika kuhusu makande ya Jumatatu yaliyorudi Jumanne yakiwa na supu zaidi, na kuhusu wale waungwana waliochelewa ibada kila Jumapili lakini hawakuwahi kuchelewa wali wa Jumapili. Niliandika kuhusu vita vya ukoko, ambavyo viranja waliovizima ndio hao hao waliokutwa nyuma ya jiko wakiwa na ushahidi midomoni. Mtani wetu wa Muleba nilimtengea aya nzima, maana kila Januari alirudi na kopo la senene waliokaangwa, wakiwa ndio kwanza wametoka katika msimu wao wa Novemba na Desemba huko Kagera. Mwaka wa kwanza watu wa pwani walihama meza wakisema hawawezi kula panzi. Mwaka wa tatu walikuwa wakimsubiri kituo cha mabasi na kumbebea mizigo. Mwenzetu wa Muheza, ambaye machungwa yake ya Julai hayakuwahi kumletea heshima kama hiyo, alilalamika sana, na katika salamu hizi namwomba radhi kwa niaba ya darasa, kwani machungwa tuliyala yote.

Hapa niwataje wenzetu Waislamu, ambao Krismasi hii najua wanasubiriwa na sahani ya pilau kwa jirani kama sisi tulivyosubiriwa kwao siku za Idd. Deni letu kwao ni kubwa. Ipo orodha, ambayo siitoi hadharani, ya Wakristo waliojiandikisha kufunga mwezi wa Ramadhani baada ya kugundua kwamba futari ilikuwa na tambi na maharage ya nazi, wakaamka usiku kula daku kwa uchaji mkubwa, kisha saa nne asubuhi wakaonekana kwenye foleni ya uji. Kiongozi wa wanafunzi Waislamu aliwaona, akacheka, na jioni akawapa futari kama kawaida.

Kuhusu taaluma, risala ilisema tulijituma. Ni kweli. Wapo waliojituma wakati wa prepo kiasi cha kusoma macho yakiwa yamefumba, kalamu mkononi na kichwa kikiitikia kila hoja ya kitabu. Umeme ulipokatika, ile kelele iliyopanda kutoka madarasa yote kwa pamoja haikuwahi kusikika hata timu yetu iliposhinda katika michezo ya UMISSETA. Katika maabara ya Kemia tulikuwa na mtafiti aliyeongeza asidi tone kwa tone akisubiri rangi igeuke, asiamini macho yake ilipogeuka, akaendelea mpaka akamaliza asidi ya meza mbili. Viazi vya jaribio la osmosisi vilipotea usiku wa kuamkia somo la Biolojia, na uchunguzi wa kina uliofanywa na pua ya mwalimu wa zamu ulibaini kwamba vilikuwa vimechemshwa. Halafu kulikuwa na kile kibao cha mbao kilichovalishwa shingoni kila aliyekutwa akizungumza Kiswahili siku za Jumatatu hadi Ijumaa. Shule haikujua Kiingereza zaidi, ilinyamaza. Nakiri kwamba ukimya ule wa asubuhi ulikuwa mtamu, na kwamba katika kuombana chumvi kwa ishara tulifikia kiwango cha juu sana.

Yapo mambo ambayo hayakufutwa na mtu, bali mimi mwenyewe sikuyaandika, kwa sababu mahafali si mahali pake. Tulipoanza kidato cha kwanza tulikuwa wengi kuliko tuliomaliza. Wapo waliohama, wapo ambao ada ilishindikana, na yupo dada yetu mmoja aliyeondoka tukiwa kidato cha tatu, ambaye kiti chake tulikiacha karibu na dirisha mpaka muhula ukaisha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu walioacha shule kwa sababu kama yake warejee masomoni, na tumesikia kwamba anajiandaa. Dada, ukisomewa salamu hizi, jua kwamba daftari zetu za kidato cha tatu na cha nne zipo, zimekusanywa na msichana mwenye mwandiko mzuri kuliko sote, na zitakufikia kabla shule hazijafunguliwa. Kwetu sisi wewe ni mhitimu mwenzetu ambaye mtihani wake umewekwa tarehe nyingine.

Safari ya kurudi nyumbani sitaisimulia yote. Mnajua tulivyoimba kutoka Njombe mpaka sauti zikakauka kabla hatujafika mbali, na wale waliopitia Mikumi, ambako barabara kuu inakata hifadhini kwa takriban kilometa 50, watathibitisha kwamba ndugu yetu wa Mbagala aliamka usingizini, akatazama nje mara moja, akatangaza kwamba ameona simba, na hakuna mwingine ndani ya basi aliyemwona simba huyo. Lakini nataka kukumbusha lililotokea Makambako, pale njia zinapoachana, wa Mbeya wakienda huku na wa Iringa na Dar es Salaam wakienda kule. Kila Desemba tuliachana hapo kwa makelele, tukigombea mahindi ya kuchoma na kuagizana nani arudi na nini. Mwaka huu mizigo ilishushwa, matranka yakasukumwa, watu wakapeana mikono kama wazee waliotoka kikaoni, na hakuna aliyesema tuonane Januari. Kondakta alidhani tumefiwa. Akatupa pole.

Basi hii ndiyo Krismasi yetu ya kwanza isiyo na orodha ya mahitaji ya shule mezani. Hakuna anayenunuliwa ndoo, fyekeo wala ufagio wa chelewa. Badala yake, wazazi wamegundua kwamba ndani ya nyumba yumo kijana aliyemaliza shule, na kwa kuwa kidato cha tano huanza Julai, wanayo miezi ya kutosha ya kumtumia. Taarifa nilizopokea zinaonyesha kwamba mmoja wenu anauza duka, mwingine analea mapacha wa dada yake, na mwingine, aliyekuwa kiranja wa mazingira na hodari wa kusimamia wenzake, sasa analima peke yake bila kuwa na wa kumsimamia. Wenzetu wa Rombo, ambao kila Desemba hukuta ukoo mzima umerudi kutoka mijini, wana mtihani wa ziada: kila mjomba anayeshuka kwenye basi huuliza mtihani ulikuwaje kabla hajauliza habari za nyumbani. Ushauri wangu ni kwamba sote tutoe jibu moja, ili ndugu wakikutana wasilinganishe: mtihani ulikuwa wa kawaida, tumemwachia Mungu, na je, mtori umeiva?

Siku matokeo yatakapotangazwa naomba mtu yeyote asitafute namba ya mwenzake kabla hajapigiwa simu na mwenye namba. Atakayefaulu atatuambia mwenyewe, tena kwa sauti. Ambaye mambo hayatakwenda sawa apewe siku mbili tatu za kukaa kimya, kisha yule wa Muleba amtumie senene. Wanaofikiria vyuo vya ufundi vya VETA au kurudia mtihani wasisubiri mpaka waonewe huruma, bali waseme mapema, kwani kamati ya mahafali ilibakiwa na fedha kidogo baada ya kulipia keki, na nimeshauriana na mweka hazina kwamba zitumike kulipia fomu za wenzetu kuliko kununua keki nyingine.

Limebaki jambo moja la kiutawala. Pasi ya mkaa ya bweni, ile yenye jogoo aliyevunjika kichwa, haijaonekana tangu asubuhi ya mahafali, na matroni amenipigia simu kuiulizia. Aliye nayo aitumie kwa amani kunyooshea suruali yake ya Krismasi na ya Mwaka Mpya, kisha aje nayo siku tutakayofuata vyeti. Hatutamuuliza kitu, mradi mkaa aje nao wake.

Wenu katika kungoja,
Katibu wa Darasa