Bekigraundi ya dola 1 imenila hela

Mhariri salaam,

Naandika kutoka Grand Rapids, Michigan, naomba muitoe hii barua maana watu wetu huku wanaliwa hela kila siku kwa haya mambo ya bekigraundi, yaani kuchunguza kama mtu ana rekodi ya makosa mahakamani, na mwenzenu nimeliwa pia.

Mwaka jana nilipata kazi weahausi moja, ghala la mizigo, interviu nimepita, viatu vya kazi vyenye chuma mbele nimeshanunua, zimebaki siku mbili nianze naletewa imeili kwamba ripoti yangu ya bekigraundi, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ina kosa la kuvunja nyumba na kuiba, tena jimbo lingine kabisa ambalo sijawahi kukanyaga, mwaka 2011. Jamani 2011 mimi niko kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kigoma, napanga foleni ya unga na kadi ya mgao mkononi! Ila jina ni langu, na tarehe ya kuzaliwa ni yangu, 1 Januari. Waliopita kambini wanaelewa: mama anasema mtoto alizaliwa kipindi cha mvua, karani anaandika 1 Januari mambo yaishe. Hiyo tarehe tuko nayo wengi.

Nikachanganyikiwa, nikaingia websaiti moja inasema itatafuta rekodi za Marekani nzima kwa dola 1. Ukishaandika jina kuna kamstari ka kijani kanajaa polepole, eti wanapita mahakama za majimbo 50, moyo unadunda, mwisho wakanitolea watu 14 wenye majina kama langu, basi. Mwezi uliofuata wakakata dola 30 benki bila hodi.

Shemeji yangu analea wazee, mambo haya anayajua kuliko sisi, akacheka akaniambia hakuna kabati la rekodi la nchi nzima ambalo raia wa kawaida anaandika jina tu linafunguka. Kila jimbo lina lake. La Michigan linaitwa ICHAT, liko kwa polisi wa jimbo, dola 10 kwa jina, jibu unapata hapohapo kwenye simu na unaweza kumtafuta yeyote, hata mpangaji wako. Ila usilichukulie kama msahafu, wanaweka makosa makubwa na yale madogo ambayo kifungo chake kinazidi siku 93, ya trafiki hayamo, ya majimbo mengine hayamo, ya serikali kuu nayo hayamo. Halafu tangu Aprili 2023 jimbo linafuta lenyewe baadhi ya makosa, madogo baada ya miaka 7 na makubwa baada ya 10, kwa hiyo kuona karatasi nyeupe haina maana mtu hajawahi kuhukumiwa. Ukihamia jimbo lingine anza upya, bei yao ni yao na masharti ni yao. Ah, na kama unatafuta mlezi wa mtoto, orodha ya waliohukumiwa kwa makosa ya ngono ipo bure, inaitwa NSOPW, ile kweli inapita majimbo yote kwa jina.

Sasa la taifa ni la FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na lenyewe linafunguka kwa vidole, unaomba ya kwako tu, siyo ya jirani wala ya huyo kijana anayemchumbia binti yako. Dola 18. Unajaza ombi kwenye websaiti yao, halafu unaenda posta inayopiga alama za vidole, siyo kila posta, na posta nao wanachukua chao, au unatuma karatasi ya alama kwa barua hadi Clarksburg, West Virginia. Mimi kwa jembe na matofali alama za vidole zimefutika, gumba likakataliwa na mashine mara nne, mpaka yule dada wa posta akanimiminia losheni kidogo, nikajipaka, likakubali.

Jibu likaja: hakuna kitu. Nikalipeleka kwa ile kampuni iliyotengeneza ripoti, maana kuna sheria ya 1970 inayosema mwajiri akitaka kukunyima kazi sababu ya ripoti ya namna hii lazima kwanza akupe nakala yake pamoja na karatasi ya haki zako, na ukipinga, kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuchunguza. Hiyo nakala kumbe nilikuwa nayo muda wote kwenye imeili, sikufungua, nilidhani ni matangazo. Wakanifutia lile kosa wiki ya tatu. Kazi ilishapata mtu, viatu ninavyo.

Huyo jamaa mwenye jina langu namfikiria sana siku hizi. Na yeye 1 Januari. Nina wasiwasi hata yeye aliandikiwa na karani, na huko aliko labda kuna ofisi inamuuliza habari zangu.

Baba Neema,
Grand Rapids